Mbwa wa Kichakani: Ni Yupi Amfaaye Muislamu Mwenye Shamba?

Katika vijiji vingi vya mwambao wetu, mtu akifuga mbwa husemwa. Wenzake humtazama kwa pembe ya jicho, watoto wake hupewa majina, na yeye mwenyewe akenda msikitini huona watu wamejitenga naye zaidi ya haja. Lakini nguruwe wa mwituni wakiingia mashambani usiku mmoja, wasemaji hao hao ndio wa kwanza kumbishia hodi wakimtaka aje na mbwa wake. Jambo hili lataka kuelezwa vizuri, kwani ndani yake mna mambo mawili makubwa: sharia ya dini yetu na riziki ya nyumba zetu.

Nguruwe wa mwituni aghalabu ni mnyama wa usiku. Mchana hulala katika kichaka kinene, na jua likichwa hutoka kwa kundi, akafukua muhogo na viazi na kuangusha mahindi. Mwenye shamba asiyekuwa na ua wala mbwa hana budi kukesha, na wanaokeshwa mara nyingi ni watoto. Mimi ni mwalimu wa chuo, na watoto waliotoka dunguni nawatambua asubuhi bila ya kuambiwa: hukaa mbele ya msahafu na vichwa vyao vikianguka. Muhogo ulioliwa ni chakula cha mwaka, na usingizi uliopotea ni elimu ya mtoto. Basi mwenye kuuliza ni mbwa gani afaaye kuingia kichakani ameuliza swali la haki, naye astahili kujibiwa.

Hukumu ya kumfuga

Mwenyezi Mungu Mtukufu, katika aya ya 4 ya Suratil Maida, ametuhalalishia vile tunavyokamatiwa na wanyama wa kuwinda tuliowafunza, na akatuamrisha tulitaje jina Lake. Neno la Kiarabu lililotumika hapo kwa wafunzaji, mukallibin, limetokana na kalb, yaani mbwa. Na katika Suratil Kahf ametajwa mbwa wa watu wa pangoni, naye amenyosha miguu yake ya mbele kizingitini. Mnyama aliyetajwa katika Kitabu pamoja na watu wema hafai kupigwa mawe na watoto wetu kwa sababu tu ya kuwa ni mbwa.

Ama kufuga, Abu Huraira (r.a.) amepokea kwa Mtume wetu (s.a.w.) ya kwamba mwenye kuweka mbwa hupunguka katika thawabu za amali zake kila siku kiasi cha qirat, isipokuwa mbwa wa shamba au wa mifugo, na katika riwaya nyingine ametajwa pia mbwa wa kuwinda. Basi mlango haukufungwa wote wala haukufunguliwa wote. Umefunguliwa kwa kadiri ya haja. Mwenye kufuga kwa kujionyesha, au kwa kuiga wageni, hana ruhusa hii; mwenye shamba, mwenye mbuzi na msasi wanayo. Na wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafi wamejuzisha hata kulea mtoto wa mbwa kwa nia ya kumfunza kazi hizo. Lakini tukumbuke: haja ya mbwa wawili haihalalishi kuweka sita.

Kichaka si jangwa

Watu wengi wakisikia habari za mbwa wa kuwinda hulikumbuka jina la saluki, mbwa wa Waarabu, mwembamba, mwenye miguu mirefu na mbio za ajabu. Kweli saluki ni mbwa bora, na mabedui wamemtukuza tangu zamani. Lakini saluki huwinda kwa macho. Humwona swala au sungura mbali katika uwanda mtupu, akamkimbiza mpaka akamshika. Mtie katika vichaka vya maweni vya kusini ya Unguja, au katika mwitu wa nyuma ya Pangani, hatoona kitu hatua kumi mbele yake. Ngozi yake nyembamba itachanwa na miiba, na zile mbio zake zitamtia katika visiki na mawe. Ubora wa mnyama hupimwa kwa mahali pake pa kazi.

Kichaka kinene chataka sifa nyingine. Ya kwanza ni pua, kwa sababu mle ndani macho hayafai kitu. Ya pili ni umbo: mbwa wa kadiri, wa kilo 12 hata 20, awezaye kupita chini ya matawi alimopita nguruwe. Mbwa mkubwa mzito hunaswa, na anaponaswa ndipo dume la nguruwe humgeukia, na meno yake ya chini hukata kama kisu. Ya tatu ni manyoya mafupi yaliyolala juu ya ngozi ngumu. Marefu hushika kila mbegu na kila mwiba, na humchemsha mbwa katika joto letu. Ya nne ni nyayo ngumu. Na ya tano, ambayo wengi huisahau, ni sauti: kama humwoni mbwa wako, lazima umsikie.

Sifa hii ya tano ndiyo inayokutanisha usasi na fiqhi. Adiy bin Hatim (r.a.), aliyekuwa msasi, alimwuliza Mtume (s.a.w.) habari za mbwa wake. Akafundishwa ya kuwa akimtuma mbwa aliyefunzwa na akataja jina la Mwenyezi Mungu, ale alichokamatiwa. Lakini mbwa akila katika windo, naye asile, kwani huyo amejiwindia nafsi yake. Na akikuta mbwa mwengine amechanganyika na wake, asile, kwa kuwa jina alilitaja juu ya mbwa wake tu. Na akimkuta mnyama angali hai, amchinje.

Sasa mtu atazame. Katika jangwa msasi huyaona hayo yote kwa macho yake. Katika kichaka haoni lolote. Nani ajuaye kama mbwa hakula? Nani ajuaye kama mbwa koko wa kijiji cha pili hakutangulia? Kwa hivyo mbwa wa kichakani aliye bora kwa Muislamu hamalizi kazi peke yake. Hutafuta, akapata, akamzuia mnyama mahali pamoja, akabweka mpaka bwana wake afike. Ikiwa ni mnyama wa kuliwa, atachinjwa kwa mkono na shaka itaondoka. Ikiwa ni nguruwe, watu watamwua kwa mkuki na mbwa atasalimika na majeraha. Ukali wa kupita kiasi ni hasara katika mambo yote mawili.

Na hapa nitaje neno moja ili lisisahauliwe: nguruwe ni haramu, auawe kwa mkuki au kwa mbwa, na Muislamu hamli wala hamuuzi. Kumwinda kwetu ni kuondoa madhara tu.

Aina zijulikanazo, na kasoro zake

Katika nchi za ugenini watu wamezalisha mbwa kwa kila namna ya kichaka, na yafaa tuwajue ili tusidanganywe na majina.

Waingereza wanaye bigli, mbwa mdogo wa kunusa, urefu wake begani sentimita 33 hata 41. Alizaliwishwa kwa kuwinda sungura. Pua yake ni kali na sauti yake husikika mbali. Lakini akishika harufu husahau kuitwa, na masikio yake marefu yaliyolala huhifadhi kupe. Wanaye pia spanieli, ambaye kazi yake ni kuingia katika magugu na kuwarusha ndege karibu na mwenye bunduki. Mtiifu sana, lakini manyoya yake si ya nchi ya joto na miiba.

Wajerumani, baada ya vita vikuu vya kwanza, walimzalisha teria wao wa kuwinda, mdogo wa kilo 10 hivi, mwenye moyo mkubwa kuliko mwili. Huingia kichaka chochote na kumkabili nguruwe mkubwa. Lakini ushujaa wake humponza. Mbwa asiyejua kurudi nyuma huzikwa mapema. Kule Ajentina, Antonio Nores Martínez alianza katika miaka ya 1920 kuchanganya mbwa wengi akapata Dogo, mbwa mweupe mwenye nguvu wa kumshika nguruwe kwa meno. Huyo ni mbwa wa kutisha. Uingereza ilimzuia kwa sheria ya mwaka 1991. Hafai katika kijiji chenye watoto na mbuzi.

Karibu na kwetu yuko basenji, mbwa wa misitu ya Kongo. Ana kilo 10 au 11, manyoya mafupi, masikio yaliyosimama, naye hajui kubweka kama wenziwe. Kwa kuwa yu kimya, wasasi wa huko humfunga kengele ya mti shingoni, wakamfuata kwa mlio wake ndani ya msitu. Hapa mna somo: watu wa Kongo hawakumdharau mbwa wao kwa kukosa sauti, walimpa sauti. Nasi tunaweza kufanya hivyo hivyo kwa njuga ya shilingi chache.

Neno basenji ni ndugu wa neno letu shenzi. Wageni walipofika waliwaita mbwa wa wenyeji kwa jina hilo la dharau, kisha wakawachukua Ulaya na kuwaonyesha katika maonyesho kwa fahari. Nasi tungali tukimwita mbwa wetu koko na kumtupia jiwe.

Mbwa wetu na chotara wake

Rai yangu ni hii: kwa mwenye shamba wa mwambao, msingi uwe ni mbwa wetu wa kienyeji. Ana umbo la kadiri, manyoya mafupi, nyayo ngumu, hula kidogo, na ametokana na wazazi walioishi katika joto na kupe wetu vizazi kwa vizazi. Mbwa wa gharama kutoka ng'ambo hufika na sifa zake zote, kisha homa ya kupe humwua kabla ya kuona nguruwe hata mmoja.

Kasoro zake nazo zipo. Wengine wana pua ya wastani, wengine wamezoea kujitafutia chakula jaani, basi wakikamata hula. Ndiyo maana wako wanaotaka chotara, na jambo hilo si baya. Ushahidi mkubwa uko kusini mwa Afrika: mbwa wa Wakhoikhoi, mwenye mstari wa nywele zilizorudi nyuma mgongoni, alichanganywa na mbwa wa Wazungu, akapatikana mbwa maarufu wa Rhodesia ambaye sifa zake ziliandikwa Bulawayo mwaka 1922. Kazi yake ilikuwa kumzuia simba mahali pamoja mpaka mwindaji afike. Uhodari wa kuishi katika nchi ulitoka kwa mama wa kienyeji. Mengine wakaongeza wageni.

Kwa vichaka vyetu, jike la kienyeji hodari likipandwa na bigli wa kazi, watoto wengi hutoka na pua na sauti ya baba pamoja na nyayo na subira ya mama. Lakini mwenye kutaka hivyo ajue mambo mawili. Kwanza, chotara hawafanani: katika watoto sita, wawili huenda wakawa hodari, wawili wa wastani, na wawili wa kulala kivulini. Pili, wakizaana wenyewe kwa wenyewe tofauti huzidi, basi usitarajie mjukuu awe kama babu.

Katika kuchagua mtoto wa mbwa, usitazame rangi. Tazama wazazi, na uwatazame kazini, kichakani, si uani. Mama anayebweka mbele ya nguruwe bila ya kujitupa mdomoni mwake ana thamani kuliko baba mwenye jina refu. Kisha mtazame mtoto mwenyewe: anayekuja akiitwa, asiyeshtuka kwa kishindo, anayefuata kwa pua kipande cha ngozi kilichoburutwa majanini. Na kwa kuwa katika madhehebu yetu kuuza mbwa hakusihi, njia nyepesi ni kupeana kwa hiba baina ya majirani.

Kumfunza

Wanavyuoni wetu wametaja alama za mbwa aliyefunzwa: akitumwa huenda, akikatazwa huacha, akikamata hali, na mambo hayo yakariri mpaka ijulikane kuwa ni tabia yake. Mtu akiyatazama ataona kuwa ndiyo mafunzo yenyewe hasa anayoyataka kila msasi duniani.

Anza na kuitwa na kukatazwa, akingali mdogo, kwa neno moja lisilobadilika na kwa malipo ya chakula. Mzoeshe kuku na mbuzi mapema, kwani mbwa anayekamata kuku wa jirani ataondoa amani ya mtaa mzima. Mlishe nyumbani kwake kabla na baada ya kazi, asijifunze kuwa windo ndilo chakula chake. Usimtie mbele ya nguruwe akingali mchanga. Mtangulize pamoja na mbwa mzee, naye ataiga. Mbwa wawili au watatu waliozoeana hutosha. Na kila atumaye mbwa wake ataje jina la Mwenyezi Mungu. Kwetu Mashafi ni sunna iliyokokotezwa, na kwa maimamu wengine ni wajibu.

Twahara ya nyumba

Hapa ndipo penye hofu ya wengi, na hofu hii hutulizwa kwa elimu. Kwa madhehebu yetu mbwa ni najisi nzito. Chombo alichotia mdomo, au kitu kilichogusana naye hali kimojawapo kina majimaji, huoshwa mara saba, moja katika hizo iwe kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Lakini kikavu kwa kikavu hakinajisiki. Mwenye kupitiwa na mbwa mkavu njiani hana la kuosha. Na mahali alipouma mbwa katika mnyama wa halali, huoshwa kwa maji na udongo kama hivyo, wala hapana haja ya kupakata na kupatupa. Nguruwe naye hukumu ya twahara yake ni hiyo hiyo, basi mikuki na mikono ioshwe. Maimamu wa Kimaliki wamemwona mbwa kuwa ni twahara. Basi ukimwona Muislamu wa nchi nyingine halitii uzito jambo hili, usimlaumu.

Kwa kazi hiyo, mjengee mbwa banda lake shambani, mbali na mlango wa nyumba na mahali pa kusalia. Mwekee chombo chake peke yake, na nguo za kwendea msituni ziwe mbali. Nyumba iliyopangwa hivyo hailemewi na mbwa.

Maradhi na sheria za nchi

Kichaa cha mbwa hakina dawa mara dalili zikisha kudhihiri kwa mtu. Kila mbwa achanjwe, tena kila mwaka kama wataalamu wanavyoagiza. Kisiwani Pemba ugonjwa huu ulifutwa mwaka 2014 kwa kuchanja mbwa. Ukaingia tena mwaka 2016, na kwa juhudi ukafutwa mara ya pili mwaka 2018. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile kupata chanjo; asingoje kuona litakalokuwa.

Mbung'o nao huua mbwa, hasa wa kigeni. Unguja ilitangazwa kuwa imesalimika na mbung'o mwaka 1997, lakini bara wangaliko katika vichaka vingi, kama vile vya Shimba Hills nchini Kenya. Mbwa akikonda na macho yake yakaingia utando, mpeleke kwa mganga wa mifugo.

Tena haifai kumfanya mbwa kisingizio cha kuvunja sheria. Kenya imepiga marufuku uwindaji tangu mwaka 1977. Huko mbwa ni wa kulinda na kufukuza. Tanzania Bara na Visiwani, mwenye kutaka kuwinda ataka idhini kwanza kwa wahusika wa wanyama na misitu. Na paa nunga, mnyama mdogo asiyepatikana ila Zanzibar na katika misitu ya pwani ya Kenya, asiguswe kabisa. Mbwa asiyeweza kuzuiwa kwa neno akimwona paa huyo, mafunzo yake hayajatimia, na haistahili kumwingiza msituni.

Haki ya mbwa

Lililobaki ni haki ya mbwa mwenyewe. Imepokewa kwa Mtume (s.a.w.) habari ya mtu aliyemwona mbwa akiramba mchanga kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji kiatuni, akamnywesha, Mwenyezi Mungu akamshukuru na akamghufiria. Huyo hakuwa hata mbwa wake. Seuze mbwa aliyekesha kwa ajili ya muhogo wa watoto wako? Mpe maji kabla ya kwenda na baada ya kurudi, mtazame miiba katika nyayo, na jeraha lake lifunge kabla hujakaa kula. Na siku atakapozeeka, asiweze tena kuingia kichakani, usimfukuze akafe jaani. Alikutumikia kwa uwezo wake wote.

Na nyinyi majirani, msimseme mwenzenu kwa jambo ambalo sharia imemruhusu. Mwulizeni kwanza haja yake. Huenda mbwa mmoja aliyefunzwa vizuri akawaondolea watoto wa mtaa mzima dungu la usiku, wakalala, na asubuhi wakaja chuoni macho yao yakiwa wazi.

Mwenyezi Mungu atubarikie mashamba yetu, atupe elimu yenye manufaa, na atujaalie huruma kwa kila chenye roho. Wallahu aalam.